Fomu Iliyotundikwa Msumari wa Kumi na Tatu

...akanyoosha mkono, akasema, "Kufuli, nipe hiyo fomu," na mimi nikasogea mpaka mgongo ukagusa kabati la funguo, nikamwambia, "Afande, siwezi." Mkuu wangu wa kazi! Mtu aliyenifundisha hata kufunga mkanda! Nilikuwa natetemeka mpaka funguo zikawa zinalia kwenye misumari yake.

Samahani. Mlinzi mwenzangu Kipenga ananitolea macho kule nyuma, ananiambia kwa midomo: salamu kwanza. Kweli, nimeingilia katikati. Nilijipanga tangu asubuhi, lakini nilipowaona mlivyo wengi mwanzo wote ukanikimbia, likabaki lile tu lililonikaa kooni.

Basi naanza upya. Mheshimiwa Meneja wa jengo, ambaye humu hayupo, kwa sababu walinzi wote tumo humu na yeye ndiye ameshika geti, na nimechungulia dirishani nikaona kile chuma kimemshinda kuinua na magari yamepanga foleni mpaka barabarani. Ndugu wapangaji wa ghorofa zote nne. Dada yetu wa Dirishani, kutoka ofisi ya wakala wa hisa hapo chini. Mama yetu, mke wa Afande, uliyependeza kuliko sisi wote. Walinzi wenzangu wa zamu zote. Na wewe ambaye sikufahamu, uliyekaa karibu na soda, tena karibu sana. Na juu ya wote, Afande, mkuu wetu wa walinzi, unayestaafu leo baada ya miaka ishirini na saba getini. Nawasalimu kwa mpangilio huo, na kama kuna niliyemruka, ajihesabu kasalimiwa.

Na nyie mnaolisogelea hili kabati nililolifunika kitambaa, mkidhani ni zawadi: si zawadi. Rudini kwenye viti.

Mimi mnanijua. Natunza funguo, siongei, ndiyo maana mkaniita Kufuli. Shule niliishia darasa la sita. Kazi yangu ni kuangalia tu, kwa hiyo leo sina maneno ya vitabuni, nitasema niliyoyaona.

Watu mnatuuliza, "Hivi nyie walinzi mnanong'ona nini pale kibandani?" Mnadhani tunawasengenya. Sisemi hatuwasengenyi. Lakini zaidi tunaongea hisa. Hisa ni kipande cha kampuni. Ukiwa na hisa moja ya kiwanda cha sabuni, kile kiwanda ni chako, kadiri ya ukucha. Kipenga alipoambiwa hivyo mara ya kwanza, alipanda gari mpaka kiwandani akaomba aonyeshwe ukucha wake. Mlinzi mwenzake wa kule akamtoa mbio.

Nani aliyetuingiza kwenye mambo haya? Si huyu hapa? Miaka kumi na moja iliyopita, mimi bado nacheza na matope, Afande alikuwa anapita kila siku mbele ya lile dirisha la wakala, anaona watu wa suti wanaingia wamenuna na kutoka wamenuna. Siku moja akavua kofia, akaenda kuuliza. Dada, wewe ndiye uliyetusimulia, nikikosea unirekebishe.

"Dada, ili mtu anunue hisa ni lazima awe na suti?"

"Ni lazima awe na hela ambayo hataihitaji kesho."

"Na kesho kutwa?"

"Wala kesho kutwa, baba. Wala mwaka kesho. Hela ya ada, hela ya dawa, hela ya paa, hizo usiniletee hapa."

Lishikeni hilo neno, paa. Tutalirudia, na naona Afande ameshaanza kuangalia viatu vyake.

"Sasa ninunue kampuni gani?"

"Unayoielewa."

"Mimi naelewa geti."

"Basi kaliulize geti."

Mtu mwingine angejua katukanwa. Afande akarudi kibandani, akafungua daftari la magari. Mnajua kila gari linaloingia kwenye duka la jumla kule nyuma sisi tunaandika limeingia na nini, limetoka na nini. Akasoma daftari la mwaka mzima, kidole kikifuata mstari. Gari la biskuti limeingia na katoni mia, limetoka na themanini na dereva ananung'unika. Gari la sabuni limeingia na katoni mia mbili, limetoka tupu. Wiki inayofuata, tupu. Mwezi unaofuata, tupu, na mara mbili dereva kabishana na watu waliokuwa wanamgombania kabla hajashusha. Afande akalibeba daftari mpaka dirishani, akaliweka mbele ya Dada, akasema, "Geti linasema sabuni."

Dada alicheka mpaka muhuri ukamdondoka. Lakini hakumdharau. Akamwambia, "Baba, gari kutoka tupu si kusema mfuko umejaa. Mtu anaweza kuuza sana na bado anadaiwa mpaka viatu. Chukua na hiki, hesabu zao za mwaka, usome." Afande alikisoma kile kitabu miezi mitatu. Asilolijua anamuuliza mpangaji anayesubiri gari lake, na wapangaji wa siku hizo wakawa wanaogopa kusubiri. Alipojua kampuni haina madeni makubwa, inapata faida, na kila mwaka inawagawia wenye hisa kidogo cha faida, lile linaloitwa gawio, ndipo akanunua. Hisa thelathini. Gawio likija, hanywei soda, ananunua nyingine. Hivyo hivyo, miaka.

Sisi wengine tukajiunga miaka minne iliyopita, mimi ndiyo kwanza nina mwaka kazini. Na si wote tuliopita njia ya daftari. Huyu ndugu yangu Kipenga alichagua kwa njia ya lifti. Alipanda na bwana mmoja wa tai nyekundu, akamsikia anamnong'oneza mwenzake kwamba kuna kampuni ya mgodi itapanda mara tatu kabla ya mwisho wa mwezi. Wala hakuambiwa yeye! Siri yenyewe ya kuiba! Akaenda akaweka hela yote ya likizo. Mpaka leo hatujui kama ule mgodi ulichimbwa au ni mfuko wa Kipenga ndio uliochimbwa. Na wiki ile ile yule wa tai nyekundu alionekana dirishani. Alikuja kuuza za kwake.

Afande akamwita Kipenga kibandani. "Mtu asiye na kitambulisho huwa unampitisha?"

"Hapana, Afande! Hata awe nani!"

"Sasa ile siri ilikuonyesha kitambulisho gani mpaka ukaifungulia geti?"

Kipenga akaanza kuhesabu vifungo vya shati lake. Hata sasa naona anavihesabu.

Basi tukanunua sabuni wote, na hapo tukafanya kosa ambalo ni walinzi tu wangelifanya. Tuliweka zamu. Si tumenunua mali? Mali si inalindwa? Pale kwenye dirisha la wakala kuna televisheni inayoonyesha bei. Mlinzi mmoja anasimama mbele yake tangu wanafungua mpaka wanafunga, na daftari, na kipenga. Ninalo lile daftari. Nawasomea: "Saa nne kamili, bei shwari. Saa nne na nusu, bei imepanda kidogo, inatembea kwa wasiwasi. Saa tano, bei imeshuka bila kujitambulisha." Ikishuka, kipenga! Tunakimbia dirishani kumi kwa pamoja tunauza. Ikipanda, kipenga! Tunarudi kununua zile zile. Daktari wa meno wa ghorofa ya pili alidhani ni moto, akashuka ngazi ameshika koleo, na mgonjwa nyuma yake kinywa wazi. Mnakumbuka. Huyo mgonjwa hakurudi tena.

Mwezi mmoja, mara tisa. Mwisho wa mwezi Dada akatuita. "Bei ya sabuni leo iko juu kidogo kuliko mwanzo wa mwezi. Nyie mna hela pungufu kuliko mwanzo wa mwezi. Mnajua zilikoenda?"

"Tumeibiwa!" Kipenga huyo.

"Mmenipa mimi. Kila fomu ina ada yake, ya kuuza na ya kununua. Endeleeni tu, jamani, mimi nataka kabati la vyombo."

Afande alitupanga mstari. Hakufoka. Aliuliza swali moja: "Mlinzi anayepiga kipenga kila jani likidondoka, huyo ni mlinzi au ni ndege?" Kisha akachukua daftari la funguo, akaandika kwa wino mwekundu. Mstari wa kwanza: fomu yoyote ya kuuza itatundikwa kabati la funguo, msumari wa kumi na tatu, siku saba, saa kwa saa. Mstari wa pili: haitoki kabla, awe nani awe nani. Mstari wa tatu: kuibadili sheria hii nako ni siku saba. Kila mtu akatia sahihi. Mimi nikapewa ufunguo wa kabati.

Je, ilisaidia? Ndugu wapangaji, kwa miaka minne zimetundikwa fomu ishirini na tatu, na kumi na tisa zilichanwa na wenyewe kabla siku hazijatimia. Nane ni za Kipenga. Mtu akishalala, akala, akagombana na watu wa kwake kwa mambo mengine, anakuja anaiangalia fomu yake kama barua aliyoandika akiwa na homa.

Sasa narudi nilipoanzia. Ijumaa iliyopita redio ya kibandani ikasema kule kiwanda cha sabuni lile tangi kubwa la kuchemshia mafuta limepasuka, kazi imesimama. Hakuna aliyeumia, tunashukuru. Lakini bei ilishuka. Ilishuka mpaka ikabaki kama theluthi mbili. Na saa tisa kamili akaingia Afande, kofia mkononi, na fomu. Pale panapoandikwa idadi ya hisa kaandika neno moja kwa herufi kubwa: ZOTE. Kwa mazoea mkono wake wenyewe ukaitundika msumari wa kumi na tatu. Kisha akashtuka, akageuka. "Kufuli, nipe hiyo fomu."

Kwa nini Afande, mwalimu wetu, alishikwa na hofu? Kwa sababu ana nyumba iliyosimama kuta bila paa, na Mama anaishi chumba cha kupanga, na kustaafu kulikuwa kumebaki siku saba, na hela ya paa yote iko ndani ya sabuni. Ile hela aliyoikataza Dada tangu siku ya kwanza! Na mwaka jana bei ilipokuwa juu, si Dada alimwambia, "Baba, umebakiza mwaka, toa ya paa sasa"? Afande akajibu nini? "Ikipanda kidogo tu tena, naezeka vigae." Vigae, jamani. Nyumba ya vyumba viwili.

Mama, usimwangalie hivyo. Leo ni siku yake.

Akaniuliza, "Nani aliandika sheria hii?"

"Wewe, Afande."

"Basi nimeifuta."

"Kuifuta ni siku saba, Afande. Mstari wa tatu."

"Na huo mstari wa tatu nani aliuandika?"

"Wewe, Afande."

Akasema, "Nilikuwa mjinga."

"Sijui, Afande. Hilo halikuandikwa."

Akaenda mwenyewe dirishani kuomba fomu nyingine. Na Dada hakumkatalia, alimwambia, "Ni haki yako, baba," akampa na kalamu. Afande akaishika ile kalamu. Akageuka, akatuona wote kumi tumejaa mlangoni. Kila mmoja wetu aliwahi kuja kulia kwake apewe fomu yake, na akamnyima. Akairudisha kalamu mezani, akavaa kofia, akapita katikati yetu.

Mnataka nimsifu Afande? Sifa yangu ndiyo hiyo. Miaka ishirini na saba getini wengi wanaweza. Kuirudisha ile kalamu, sijui.

Ila mimi hakunisamehe. Siku saba hakuniita kwa jina. Anasimama hatua mbili kutoka kwangu, anasema, "Kipenga, mwambie kabati nataka ufunguo wa choo." Kipenga ananigeukia, "Kabati, Afande anataka ufunguo wa choo." Natoa. "Kipenga, liambie kabati asante."

Nami nilikuwa na hofu yangu. Jumatatu bei ikashuka tena. Nilikuwa naiangalia nimejificha nyuma ya nguzo. Nilijisemea, hii ikiisha kabisa, Mama atanyeshewa na mvua kwa ajili ya darasa la sita langu. Jumanne ikapanda kidogo, ikakaa. Sitawadanganya kwa sababu ni sherehe: haijarudi ilipokuwa. Hata leo asubuhi haijarudi.

Lakini Jumatano Mama alikuja kuleta sare ya Afande aliyoipiga pasi. Akatukuta tunabishana kibandani, Kipenga anasema uza zote, mwingine anasema usiguse hata moja. Mama akasikiliza, akauliza, "Kwani paa linataka mabati mangapi?"

Wanaume kumi na mmoja, madaftari matatu na televisheni ya bei, hakuna aliyejua.

"Mimi najua," Mama akasema. "Arobaini na nane, na mbao zake, na misumari, na fundi. Karatasi ya fundi ninayo kwenye pochi tangu mwaka jana. Nilikuwa nasubiri aniulize."

Nikaiomba ile karatasi. Nikaipeleka kwa Dada, kwa sababu hesabu za namna hiyo ni za darasa la saba. Dada akapiga hesabu, akasema, "Kwa bei hii hii mbovu, paa ni hisa zake mbili katika kila tano. Alinunua zamani kwa bei ya chini. Zilizobaki akae nazo au asikae nazo, mimi si mganga. Lakini kilichopasuka ni tangi, watu hawajaacha kuoga." Halafu akaongeza, na mimi nimetumwa nilifikishe: kuweka kila kitu kwenye sabuni peke yake ni kulinda jengo zima kwa mlango wa mbele tu. Nimelifikisha, Afande, usinikunjie uso, msemaji yuko kiti cha pili.

Basi saa ya ukutani inasema saa tisa na dakika sita. Siku saba zimetimia dakika sita zilizopita. Na kwa kuwa fomu haitoki kabatini ila kwa sahihi, na Afande yuko huku juu anaagwa, nimelipandisha kabati lenyewe, ghorofa tatu, mgongoni. Naondoa kitambaa. Nafungua. Msumari wa kumi na tatu. Hii hapa.

Afande, ni yako. Imeandikwa ZOTE. Ukisema iende hivyo, naipeleka hivyo, na sitafungua mdomo. Kalamu hii. Daftari la funguo hili, utie sahihi hapa, ya mwisho.

Anainuka. Mpisheni. Anatafuta miwani. Iko kichwani, Afande. Anamwangalia Mama. Mama anaangalia dari, kama fundi.

Kipenga, kaa chini! Anasema neno likibadilishwa ni fomu mpya, siku saba mpya. Si mpya, Kipenga, ni ile ile. Dada, inaruhusiwa? Dada anasema kukata na kuandika juu inaruhusiwa, ukitia sahihi pembeni.

Anaandika. Afande, wasomee, wa nyuma hawaoni.

Mmesikia? Wa nyuma mmesikia? Amekata ZOTE. Amesema, "Mbili katika tano. Na ni mabati."

Ngojeni, msipige makofi, anasema jambo. Anasema... Anasema, "Kufuli, usichelewe."

Kufuli. Siku saba sijaitwa.

Afande, nilikuwa na maneno mengine mawili matatu hapa, lakini sioni vizuri kwenye karatasi. Nashukuru kunifundisha kukukatalia. Mama, Mungu akupe paa lenye kelele nzuri mvua ikinyesha. Ndugu wapangaji, nawashukuru kwa masikio yenu, najua mlikuja kwa hotuba fupi na soda baridi na vyote viwili vimeharibika.

Mimi natoka sasa, na Dada natoka naye. Dirisha lake linafungwa saa tisa na nusu, kesho ni Jumamosi, hisa zikishauzwa hela zinachukua siku kadhaa kufika, na mawingu mnayaona wenyewe. Nikipita getini nitamwinulia Meneja kile chuma. Dada, ufunguo wa ofisi yako ni msumari wa nne. Tia sahihi, tangulia. Kipenga, nakuachia kabati. Likitikisika, usipulize.